Rauta Chumbani Mwangu

Oktoba 4

Daktari wa Makindu ameniambia moyo wangu umechoka, na kwamba nisiyategemee sana mavuno ya mwakani. Nilimshukuru kwa kunisemesha kama mtu mzima. Tangu nianze kutembea kwa fimbo mbili, wengi hunisemesha kama mtoto. Nitaandika humu hadi ndengu zivunwe, au hadi mkono ukatae.

Nyumba hii ya Kasikeu ina watu wawili: mimi na Kathini, mke wa mwanangu Mutisya. Mutisya anaendesha lori kati ya Mombasa na Kampala, na huja nyumbani akipata nafasi, ambayo haipati. Mke wangu Kanini tulimzika mwaka juzi. Asubuhi binamu yangu Mulei huja kuniogesha na kunivalisha, kisha anarudi kwa ng'ombe wake. Mengine yote hufanywa na Kathini, naye huyafanya akiwa upande wa pili wa mlango. Kwetu Ukambani mke wa mwana haingii chumba anacholala baba mkwe wake. Heshima hiyo tunaiita nthoni, na katika nyumba hii haijawahi kuvunjwa. Kathini huweka chakula sebuleni, hugonga, husema, "Baba, muthokoi uko tayari," kisha hujiondoa. Mimi hutoka polepole, nikishika ukuta.

Oktoba 9

Mawingu yalikuja hadi kilimani yakarudi.

Oktoba 11

Kathini ameniambia habari yake akiwa anamenya viazi, hakuinua macho. Tangu mwanzo wa mwaka amekuwa akisoma kwa kompyuta, jioni kazi zikiisha. Nilidhani ni mambo ya kanisa. Kumbe ni kozi ya kutunza wazee. Akifaulu mtihani, kuna nyumba ya wazee nje ya mji wa Kitui ambayo itamchukua.

"Wazee gani hao?" nikauliza.

"Wazee tu, Baba. Wale hawana watu."

"Na wenye watu?"

Akacheka. "Wenye watu wana Mulei."

Tulicheka wote wawili. Nilipofika chumbani sikuwa nacheka tena. Mulei ana miaka sabini na mbili, na mkono wake wa kushoto haufungi ngumi.

Oktoba 15

Mvua ya kwanza. Kathini amepanda ndengu na kunde peke yake. Harufu ya udongo iliingia mpaka kitandani.

Oktoba 18

Leo nimefanya jambo ambalo lazima niliandike kabla sijaanza kujidanganya.

Huku bondeni simu hupata mawimbi ya kupiga tu. Intaneti yetu inatoka kwenye mlingoti ulio kilimani, inaingia kwa kisahani Mutisya alichofunga nje ya dirisha langu, kwa kuwa ukuta wangu ndio unaotazama mlingoti. Waya ukapita ukutani, na rauta ikawekwa chumbani mwangu, juu kabisa, karibu na dari, mahali panya hafiki. Mutisya alinipa mimi neno la siri la kuisimamia. "Baba ndiye mwenye nyumba," alisema. Nilifundisha fizikia hadi nikastaafu. Kitabu cha maelekezo hakinitishi. Ndani ya rauta kuna ukurasa wa wazazi, wa kuwafungia watoto mitandao isiyofaa.

Jana jioni Kathini alisema chuo kimebadilisha programu ya mtihani. Ile ya zamani haitafunguka tena. Kila mwanafunzi apakue toleo jipya kutoka duka la programu, ajisajili nalo, kabla ya saa sita mchana wa tarehe ishirini na nane Novemba. Asiyefanya hivyo atangoja mtihani wa katikati ya mwaka ujao, na nafasi ya Kitui haitamngoja.

Asubuhi, Mulei alipoondoka, nilifungua ukurasa ule wa wazazi kwa simu yangu. Niliandika jina la duka la programu na anwani zote ambazo masasisho hupitia. Nikabonyeza hifadhi. Habari, barua pepe na mahubiri niliviacha wazi. Ningefunga kila kitu, fundi angeitwa siku hiyo hiyo.

Ilikuwa kazi ndogo kuliko kuvaa soksi.

Oktoba 20

Sikukuu ya Mashujaa. Kathini akagonga.

"Baba, intaneti kwako iko?"

"Iko. Nasoma magazeti."

"Hata kwangu inafungua zingine. Lakini duka la programu linazunguka tu, linazunguka, halafu linasema hakuna mtandao. Na kompyuta inakataa kujisasisha."

"Umeizima na kuiwasha?"

"Mara nyingi."

"Angalia tarehe na saa. Kompyuta ikikosea tarehe, duka hukataa kuiamini."

Vidole vyake vikagonga vitufe. "Tarehe iko sawa, Baba. Asante."

Alinishukuru.

Oktoba 23

Alijaribu kwa simu yake: vilevile. Akaniomba nijaribu kwa yangu. Nikakaa kitandani bila kugusa chochote, kisha nikasema, "Hata yangu inakataa." Ule ulikuwa ukweli, na ulinikera kuliko uongo.

Oktoba 27

Mvua nzuri. Ndengu zimetoka.

Nimejitetea mwenyewe siku nzima. Kwamba ni mtihani tu. Kwamba anaweza kuufanya baadaye, nikiwa nimeshaondoka, na hataningoja muda mrefu. Kwamba mzee anayekufa ana haki ya kusikia mtu jikoni. Jikoni kulikuwa na sauti ya sufuria. Nilisikiliza kila sauti.

Novemba 1

Hili ni baya kuliko la kwanza.

Kathini ameanza kuamini ubaya umeanzia kwenye kompyuta, ukaenea hadi kwenye simu zetu. Aliniuliza kupitia mlango, "Baba, wewe ulikuwa mwalimu wa sayansi. Inaweza kuwa ni virusi?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini kama angeendelea kuuliza, siku moja angeuliza kuhusu rauta. Nikasema, "Inaweza. Ukiifuta yote ianze upya kama ilivyotoka dukani, virusi huondoka."

"Na kazi zangu? Nimeandika humo masomo yote."

"Si umeziweka pia huko chuoni?"

"Nadhani ziko."

Hazikuwako. Niligundua jioni, niliposikia kiti kikivutwa nyuma, kisha mlango wa nje. Nilimwona dirishani akiwa shambani, amesimama tu kati ya mistari ya kunde, mikono chini. Aliporudi alipika chai. Akagonga.

"Baba, chai."

"Imefaulu?"

"Imefutika vizuri," akasema. "Kila kitu."

Sikutoka. Nilisema sina njaa. Chai ilipoa sebuleni, naye akaja kuiondoa.

Novemba 2

Sikwenda kanisani. Yeye alikwenda.

Novemba 5

Mutisya amepiga simu kutoka Malaba. Kathini amemwambia aite fundi wa kampuni inayotupa mtandao. Anakuja kesho. Mutisya akaniambia, "Baba, mpe fundi lile neno la siri, amalize haraka."

Nimebadilisha neno la siri. Nimeweka jipya lenye herufi na tarakimu zisizo na maana, nisije nikalisema kwa bahati mbaya. Ilibidi nilirudie mara kadhaa.

Novemba 6

Fundi anaitwa Ndeti. Mama yake alikuwa mwanafunzi wangu, na jambo hilo lilinisaidia. Aliingia chumbani ameinamisha kichwa kama anaingia ofisini kwa mkuu wa shule.

"Mwalimu, shikamoo. Nisamehe kukuingilia."

"Marahaba. Fanya kazi yako."

Alipanda kiti, akaangalia taa za rauta, akatoka nje kutikisa kisahani, akarudi. Kathini alisimama sebuleni, mbali na mlango, akipaza sauti: "Bado! Bado inazunguka!"

"Madam, zingine zinafungua?"

"Zinafungua zote! Ni duka tu!"

Ndeti akakuna shingo. "Basi hii haitoki kwa mlingoti. Mwalimu, neno la siri ni gani, niangalie ndani?"

"Mutisya ndiye anajua."

"Nimempigia, amesema ni wewe."

"Mutisya amesahau. Mimi ni mzee, kijana. Nitajuaje mambo hayo?"

Akanitazama kwa huruma. "Basi niireset. Kuna kitundu hapa nyuma, unabonyeza na pini. Inaanza upya."

"Ukiiharibu je? Nikipata shida mchana na siwezi kumpigia daktari?"

Simu ya daktari haipiti kwenye rauta. Ndeti alijua hivyo, nami nilijua kwamba anajua. Lakini mtu habishani na mwalimu wa mama yake aliye kitandani. Akashuka. Nilimsikia akimwambia Kathini sebuleni, "Madam, hiyo ni kompyuta yako. Network iko sawa kabisa."

"Kompyuta nimeifuta."

"Basi sijui. Muombe Mungu."

Novemba 12

Mvua siku nzima. Mulei alichelewa. Nilikaa na nepi iliyolowa nikisikia Kathini akipita nje ya mlango, akisimama, akipita tena.

Novemba 16

Akina mama wa kanisa wamekuja baada ya ibada kumwombea Kathini. Walikuwa wengi, na viatu vyao vilijaa matope kibarazani. Nilitolewa, nikaketishwa kwenye kiti changu na blanketi. Kiongozi wao, mama Nthiwa, akainua mikono na sauti.

"Bwana, wewe unaona mtoto wako! Kila kufuli adui ameweka kwa huu mtandao, livunjwe!"

"Livunjwe!" wakaitikia.

"Aliyefunga, mkono wake ulegee!"

"Ulegee!"

Mkono wangu ulikuwa chini ya blanketi. Walipofika mwisho wote walisema amina, na mimi nikasema amina. Kathini aligeuka kunitazama, akatabasamu, kwa sababu sijasema amina kwa sauti tangu Kanini afe.

Walikunywa chai. Mama Nthiwa akanitania: "Na wewe Mwalimu, ulimfundisha nani mambo ya umeme, kama hujui hata rauta yako?" Wakacheka sana. Mimi pia.

Novemba 20

Mursal mwenye duka la simu sokoni amekuja kunijulia hali. Babake alikuwa akileta mbuzi kutoka Garissa, tukazoeana nikiwa kijana. Ameketi chini ya dirisha langu na maziwa ya ngamia kwenye chupa.

"Mzee, bado uko? Nilikuja na sanda, nirudi nayo?"

"Rudi nayo. Iweke kwa friji."

Kathini alimweleza shida yake. Mursal akapiga paja. "Dada yangu, si ulete kompyuta kwangu? Dukani kwangu inashusha kila kitu. Kaa, kunywa soda, ikiisha unarudi."

"Na nikimwacha Baba?"

"Ataenda wapi na hizo fimbo?"

Wamekubaliana Jumanne, siku Mulei anaweza kushinda hapa. Nilisikia sauti ya Kathini ikibadilika, ikawa kama ya msichana. Nikajiambia: basi, imetoka mikononi mwangu, ataenda, na hakuna atakayejua. Nililala vizuri. Nimeona haya kuandika hivyo, lakini nililala vizuri.

Novemba 24

Imenyesha kama inamwagwa.

Novemba 25

Mto umejaa. Maji ya kahawia yanapita juu ya daraja la zege, yamebeba magogo na debe la mtu. Hakuna anayevuka kwenda sokoni. Kathini alikwenda mpaka ukingoni amefunga kompyuta kwa mfuko wa plastiki kifuani, kama mtoto, akasimama hapo hadi Mulei alipomfuata kumrudisha.

Novemba 26

Bado umejaa.

Asubuhi nilitaka kufungua. Sikutaka kusema lolote. Nilitaka tu kufuta yale niliyoandika, ili alasiri ajaribu mara moja zaidi na aite muujiza. Nikaandika neno la siri. Likakataa. Nikaandika tena. Nikajaribu kwa herufi kubwa, kwa tarakimu za mwanzo, za mwisho. Rauta ikanifungia, ikaniambia ningoje. Nikangoja, nikajaribu, ikanifungia.

Mtu niliyekuwa siku ile kabla ya fundi kuja, aliyeunda lile neno, hayupo tena kichwani mwangu. Nimemtafuta siku nzima.

Novemba 27

Njia iliyobaki ni kile kitundu cha nyuma. Nilimngoja Mulei ili apande, lakini jana alilala kwa bintiye, na usiku maji yamekata njia ya huko. Nikajaribu mwenyewe. Nilivuta kiti, nikaweka goti, chumba kikazunguka, nikaanguka kati ya kiti na kitanda. Fimbo zikagonga sakafu.

"Baba?" Alikuwa mlangoni papo hapo. "Baba, umeanguka?"

"Niko sawa."

"Nimuite nani?" Sauti yake ilikuwa inakatika. "Mulei hayuko. Mto umejaa. Nimuite nani, Baba?"

Nilijivuta hadi nikaegemea kitanda. Nilikuwa na uongo mwingine tayari: rauta imeharibika, ingia kidogo uibonyeze. Angeingia, angebonyeza, na ningebaki mtu mwema. Ndipo akasema, akiwa amekaribia kulia:

"Nisamehe. Nimekusumbua na hii mitihani yangu. Mimi nimeacha. Nimeamua leo. Nitabaki hapa."

Hilo ndilo nililokuwa nikilitaka tangu Oktoba. Lilikuwa limeletwa mlangoni kwangu, na sikuweza kulipokea.

"Kathini," nikasema, "si kompyuta. Ni mimi. Nilifunga duka la programu kwa rauta, kwa mkono wangu, na nimesahau neno la kulifungulia."

Mvua ilisikika kwenye mabati. Nilidhani hakunisikia.

"Tangu lini?"

"Kabla ya Mashujaa."

"Nilipofuta kompyuta. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na Ndeti?"

"Nilimdanganya."

Akatoa sauti ambayo mwanzo niliidhani kicheko. "Walipoomba, ulisema amina. Mimi nilifurahi. Nilimwambia Mutisya, Baba ameanza kuomba."

Nikamwambia kuhusu kitundu cha nyuma ya rauta na pini ya nywele.

"Funika miguu yako," akasema. "Naingia."

Kanini aliniambia zamani kwamba nthoni ikivunjwa bila sababu, huchinjwa mbuzi. Hakuniambia mbuzi huchinjwa na nani ikiwa sababu ni mzee mwenyewe. Mlango ukafunguka. Kathini hakuangalia rauta kwanza. Alipiga magoti, akapitisha mikono chini ya makwapa yangu, akaniinua kwa mwendo mmoja, kwa ufundi ambao Mulei hajawahi kuwa nao. Akaniweka kitandani, akageuza mto, akapima mshipa wa mkono wangu akiangalia ukutani. Hakuniangalia machoni hata mara moja. Kisha akapanda kwenye kiti, akachomoa pini nyweleni, akabonyeza. Taa zote zikazimika.

Novemba 28

Ilipowaka, rauta ilikuwa tupu, haikumbuki hata kampuni inayotupa mtandao. Kathini alisimama uani asubuhi na mapema, mvuani, akampigia Ndeti, akaandika mkononi kila alichoambiwa. Akarudi amelowa. Aliingia bila kugonga, akakaa ukingoni mwa kitanda changu na kompyuta magotini, akijaza tarakimu. Umeme ulicheza mara mbili.

Duka likafunguka. Masasisho yakaanza kushuka, polepole mno, mstari wa buluu ukitambaa. Tuliutazama wote wawili. Alijisajili saa sita ikikaribia sana. Akafunga kompyuta, akasema, "Sasa mpigie Mutisya. Umwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Nilimpigia. Mutisya alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Sawa, Baba," kwa sauti anayowapa askari wa barabarani, akakata.

Desemba 6

Amefanya mtihani. Bila kazi alizozifuta. Mlango ulikuwa wazi, nikamsikia akinong'ona majina ya mifupa.

Desemba 10

Ndengu zimekomaa. Anavuna kabla jua halijapanda. Kati yetu tunasema chakula, dawa, choo. Ananigeuza asubuhi na jioni, kwa kuwa siwezi tena kufika sebuleni.

Desemba 17

Amefaulu. Anaondoka wiki ya kwanza ya Januari. Aliniambia akinipaka mafuta ya visigino, na kwa mara ya kwanza akakaa baada ya kumaliza.

"Baba, nikuulize. Ungeniambia tu 'usiende'. Ningeacha. Si unajua ningeacha?"

"Najua."

"Basi kwa nini?"

Alistahili jibu la kweli, na sina mengine mengi ya kutoa. "Nilitaka ubaki bila mimi kuwa mtu aliyekuzuia," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu la hesabu na halimfurahishi. "Sijakusamehe bado," akasema. "Usife nikiwa sijamaliza."

Desemba 20

Leo alimwita Mulei kumfundisha, kwa sababu Mulei atahamia hapa na mjukuu wake atamsaidia kwa kazi nzito. Nililala katikati yao kama kifaa cha somo.

"Si hapo," Kathini akamwambia. "Mshike begani, mkono mwingine nyuma ya nyonga. Usimgeuzie kushoto. Kushoto kunamuuma, na hasemi."

Mulei akanitazama. "Kweli, kushoto? Mimi miaka yote hii namgeuzia kushoto."

Sijawahi kumwambia mtu. Nikamuuliza Kathini amejuaje.

"Nilikuwa nasikia kitanda," akasema, "kutoka pale nje." Akaushika mkono mbovu wa Mulei, akauweka mahali panapofaa begani kwangu, akaubonyeza kidogo. "Haya. Polepole. Anza tena."